Sekunde Ishirini na Tano Kutoka Niboye

Dodoma, 20 Juni 2026

Kwa Winifred,

Salamu. Najua namba yangu umeifunga, ndiyo maana naandika. Kama barua pepe hii umeifungua, tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaifuta. Si barua ya kukusumbua. Ni barua ya kazi.

Ijumaa tarehe 7 Agosti, ile asteroidi ninayoifuatilia itapita mbele ya nyota moja na kuificha kwa sekunde chache. Kivuli chake kitapita juu ya Kigali. Mtu mwenye darubini, akikaa mahali sahihi, ataiona nyota ikizima na kuwaka tena. Nyumba ya marehemu mama yako hapo Niboye iko karibu kabisa na katikati ya njia ya kivuli. Nimepima kwenye ramani mara tatu.

Sina mtu mwingine Kigali, na darubini unayo wewe. Silalamiki. Tuliinunua wote na ulikuwa na haki ya kuichukua.

Nimeambatanisha jedwali la nyakati. Safu ya kwanza ni Kigali: saa mbili usiku, dakika kumi na nne, sekunde sita. Safu ya pili ni Bukoba kwetu, nitakapokuwa mimi: saa tatu, dakika kumi na nne, sekunde thelathini na moja. Tanzania tuko mbele yenu kwa saa moja, hilo unalijua. Ukinijibu, maelezo yote nitakuandikia kwenye barua ya pili.

Natumaini macho ya watu wa Remera yanaendelea vizuri mikononi mwako.

Wako,
Oswald Kamugisha

*

Niboye, 27 Juni 2026

Ta Oswald, bwana mkubwa,

Nimesoma mpaka mwisho. Nimesoma mara mbili, na ya pili kwa sauti, ili kaka yangu Karangwa asikie jinsi msomi anavyomwandikia mke wake baada ya miaka minne. "Ni barua ya kazi." Loo! Na chini umesaini "Wako". Wangu tangu lini?

Hata kuuliza nimekula nini? Hata kusema pole na vumbi la kiangazi? Jedwali ndiyo umeliambatanisha.

Sasa nijibu jambo moja. Jiwe lipi hilo? Niambie ni jingine, yako mengi huko juu, ulikuwa unanihesabia mpaka nasinzia. Maana kama ni lile lile la Juni 2022, lililokufanya ubaki Dodoma umekodolea anga macho wakati mimi namzika mama, basi una uso mgumu kweli. Siku nane za kilio nyumba ilijaa watu, na kila jioni mtu mpya ananiuliza mkwe yuko wapi. Kiti chako kilikaa kitupu mpaka shangazi mmoja akaweka sufuria juu yake, na sikuwa na nguvu ya kuiondoa.

Darubini iko nyuma ya kabati, imefunikwa kwa blanketi za mama. Baada ya msiba nilimtuma dereva wa lori aifuate Dodoma kwa hasira tu, si kwa ajili ya nyota. Mimi nyota zangu ni herufi za kwenye ubao wa duka la miwani. Napima macho, nasaga lenzi, nakaza skrubu za fremu, jioni narudi Niboye nalala.

Nijibu. Ni lile?

Winifred Mukunde

*

Dodoma, 1 Julai 2026

Winifred,

Ni lile.

Pole na vumbi. Pole na mengine yote, ambayo sijui niyaanzie wapi, kwa hiyo naanzia ninapopajua.

Jiwe hili linazunguka jua katikati ya Mirihi na Mshtarii, kwa wastani kilometa milioni mia tatu themanini na sita kutoka kwenye jua. Mara linasogea karibu kidogo, mara linakwenda mbali, njia yake si duara kamili. Mzunguko mmoja unalichukua miaka minne na siku hamsini na tatu. Mama alizikwa tarehe 15 Juni 2022. Hukuniomba nihesabu lakini nimehesabu. Tarehe 7 Agosti litakuwa limerudi pale pale lilipokuwa siku ile ya mazishi. Limemaliza safari nzima, na mimi sijafika Kigali.

Nalijua karibu lote. Linajizungusha lenyewe kwa saa kumi na moja na robo. Haliko mviringo, maana mwanga wake unapanda na kushuka mara mbili kila likijizungusha. Nisichokijua ni ukubwa. Utacheka, miaka tisa ya kulitazama na sijui ni kubwa kiasi gani. Lakini kwenye darubini ni kinukta tu cha mwanga, na jiwe kubwa jeusi likiwa mbali linang'aa sawa na dogo jeupe. Linaweza kuwa na upana wa kilometa thelathini au sitini. Kivuli peke yake ndicho kinachosema kweli. Kinakwenda kilometa nane kwa sekunde. Tukijua nyota imezimwa sekunde ngapi, upana tumeupata.

Na kuna hili ambalo kwenye barua ya kwanza nililiacha kwa aibu. Kivuli kinatoka magharibi kwenda mashariki. Kitakupita wewe kwanza, hapo uani kwa mama, kisha baada ya sekunde ishirini na tano kitanifikia mimi Bukoba. Kitatoka kwako kije kwangu. Wiki nzima nimekuwa nikiirudia hesabu hiyo, na si kwamba nina shaka nayo.

Ukikubali, kazi ni hii. Lenga nyota niliyoiwekea alama kwenye ramani. Washa simu irekodi sauti. Nyota ikizima sema "sasa", ikiwaka sema "sasa" tena, halafu niandikie saa. Na isipozima, niandikie hivyo hivyo kwamba hukuona kitu. Kutoona nako ni kipimo, kunatuambia kivuli kiliishia wapi. Kosa lisilo na dawa kwenye kazi yetu ni moja tu, mtu kuandika kile alichotegemea kuona.

Umetaja chakula, nami nakujibu ingawa hukuniuliza mimi. Ndizi nimeacha kupika. Nikipika za mtu mmoja zinabaki, nikipunguza hazinogi. Nakula mihogo na chai. Wewe umekula nini?

Oswald

*

Niboye, 19 Julai 2026

Oswald,

Nimekula maharage na dodo, ule mchicha wa huku kwetu. Umeacha kuandika "Wako". Sikusema uache, niliuliza tu.

Darubini nimeitoa. Kioo kilikuwa kimeshika ukungu, nikakisafisha kwa dawa ya dukani na pamba, polepole, Jumapili nzima. Jioni Karangwa akaja kutoka gereji kwake Gikondo, mikono bado ina grisi, nikamkatalia kugusa. Akachungulia. "Hii nyota yenu iko wapi? Mimi naona taa ya jirani tu." Nikamgeuzia. Akafuta grisi kwenye suruali, akachungulia tena, kisha akasema, "Iko nzuri." Halafu akasema, "Lakini mwenye nayo ndiyo hayuko."

Hiyo tarehe saba kwetu ni Umuganura, sikukuu ya mavuno. Kila mtu anakuwa kwao na watu wake wanakula pamoja. Karangwa na mkewe watakuja hapa. Tukishakula nitatoka uani nikufanyie kazi yako.

Na usijidanganye, sifanyi kwa ajili ya jiwe. Jiwe nalichukia, lingeanguka baharini ningeshangilia. Nafanya kwa sababu ya zile sekunde ishirini na tano. Haya, nimesema. Usinijibu.

Winifred

*

Niboye, 8 Agosti 2026

Oswald,

Imezima! Jamani, imezima kweli!

Naandika asubuhi. Tulikuwa tumemaliza kula. Karangwa akazima taa za uani, akaenda kumwomba jirani naye azime zake. Jirani akadhani tuna maombi, akazima mpaka ya geti na kutuombea heri. Nikainama kwenye darubini. Nyota yako ilikuwa pale pale ulipoiwekea alama, kadogo tu, hata haina makuu. Nikaanza kulia kabla haijafanya chochote. Nikajikaripia, maana machozi yangeharibu kazi, nikajifuta kwa kanga.

Halafu haikuwepo. Nilidhani itafifia, Oswald, kama taa ya mafuta inayoishiwa. Haikufifia. Ilikuwepo, mara haipo. Nikasema "sasa". Nikangoja, nikaona muda umekuwa mrefu mno, nikafikiri imekwenda moja kwa moja. Niliogopa kweli. Ikarudi. Nikasema "sasa".

Baada ya hapo nikaanza kuhesabu. Hukuniambia nihesabu, na Karangwa alikuwa ananiuliza nafanya nini, sikumjibu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na tano. Nikajua na kwako imewaka. Nikakaa chini kwenye saruji na gauni langu la sikukuu.

Kipimo chako hiki hapa. Kuzima: saa tatu, dakika kumi na nne, sekunde tisa. Kuwaka: dakika hiyo hiyo, sekunde ya kumi na sita. Sauti yenyewe nimeiambatanisha. Huyo anayesema "Mana yanjye" katikati, akimwita Mungu wake, ni Karangwa, usimjali.

Niambie na wewe uliona. Niandikie leo leo.

Winifred

*

Bukoba, 9 Agosti 2026

Winifred,

Niliona. Saa tatu, dakika kumi na nne, sekunde thelathini na nne, kwa muda wa sekunde tano na nusu.

Kipimo chako siwezi kukitumia. Umeandika saa tatu. Kigali ilikuwa saa mbili. Ilipofika saa tatu kwenu, kivuli kilikuwa kimeshaondoka duniani zamani. Saa tatu na dakika kumi na nne ipo kwenye jedwali langu, safu ya pili, ya Bukoba. Umenakili, na umekosea safu.

Sauti nimeisikiliza. Sijui uliirekodi lini.

Ungesema hapana ningekuelewa. Ungesema mlikuwa mnakula, muda ukapita, ningekuelewa pia. Una sababu ya kulichukia jiwe hili kuliko mtu yeyote. Lakini kunitungia, Winifred? Kulia, kuhesabu, kukaa kwenye saruji? Juzi nyota ilipowaka niliacha darubini nje nikakimbilia jikoni kwa mama yangu, nikamwambia Winifred naye ameiona. Mama akapiga vigelegele na umri wake ule. Sasa nimwambie nini?

Kesho narudi Dodoma.

Oswald

*

Remera, 10 Agosti 2026

Oswald Kamugisha,

Kumbe wewe ni mjinga, na miaka yote hiyo nilidhani ni mpole tu. Naandika nikiwa dukani. Mteja yuko kwenye kiti. Acha angoje.

Kutwa watu wanakuja kwangu wameshakariri ubao wa herufi wakiwa kwenye foleni, hasa madereva wanaoogopa kukosa leseni. Wanazitaja zote bila kukosea, ubao wenyewe hawauoni. Sauti ya mtu anayesema asichokiona naijua kuliko ninavyoijua sauti yako. Mimi ndiye nikutungie wewe macho?

Lichukue jedwali lako ulitazame, kwa adabu. Kwa Bukoba linasema sekunde ya thelathini na moja. Kwa Kigali linasema ya sita. Mimi nimekuandikia ya tisa. Nimenakili wapi tisa? Na wewe mwenyewe umepata thelathini na nne badala ya thelathini na moja. Sisi wote tumechelewa sekunde tatu zile zile. Toa mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma.

Sasa hiyo saa. Sikutaka kukwambia kamwe, lakini umenifikisha.

Simu yangu haijawahi kuwa ya Kigali. Machi 2022 nilipovuka mpaka wa Rusumo kuja kumuuguza mama, ilitaka kujirudisha nyuma saa moja, nikaikatalia. Nikaiwekea Dar es Salaam, kwa sababu Dodoma kwenye orodha yao haipo. Nilijua ni wiki mbili tu nitarudi. Mama akafa, sikurudi, na siku moja nikaishika ili niibadilishe. Nikashindwa. Miaka minne kila nikiitazama natoa saa moja kichwani. Nikisahau kutoa, naaibika. Nimeshafika kanisani nikamkuta mfagiaji peke yake. Dukani wananicheka, nawaambia simu ni mbovu.

Lakini nikiitazama najua sasa umeamka. Sasa unaingia darasani. Sasa umerudi nyumbani na hakuna aliyekufungulia mlango. Namba yako nimeweza kuifunga, saa yako imenishinda. Na ile Ijumaa nilikuandikia kilichokuwa kwenye kioo cha simu, nikasahau kutoa, kwa sababu nilikuwa na furaha. Hilo ndilo kosa langu.

Nimekukumbuka, Oswald. Nimekukumbuka mpaka naumwa, na nimekukasirikia mpaka naumwa, na vyote viwili vinakaa kwenye nyumba moja havipishani.

Na ujue lingine. Uliponiambia chuo kimekunyima ruhusa ya kuja kuzika kwa sababu ya kazi ya jiwe, niliona haya kuwaambia watu. Niliwaambia wamekuzuia mpakani kwa ajili ya vyeti vya korona. Mpaka leo Karangwa akipita Rusumo anawatukana askari wa watu bure. Uongo huo nimeubeba mimi, kwa ajili ya heshima yako. Leo wewe ndiye wa kuniita mimi mwongo?

Usiniandikie tena. Radhi ya barua pepe siitaki, itunze. Mama yuko makaburini Rusororo, anafikika. Kama una neno, lilete kwa miguu yako.

Winifred

*

Oswald Kamugisha,
Idara ya Fizikia,
Dodoma.
17 Agosti 2026

Mkuu wa Idara ya Fizikia.

YAH: KUOMBA RUHUSA YA MSIBA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba ruhusa kuanzia tarehe 19 Agosti ili niende Kigali, Rwanda, kwenye msiba wa mama mkwe wangu. Fomu inataka tarehe ya kifo. Nimejaza 13 Juni 2022. Si kosa la uchapaji.

Mwaka ule nilimwambia mke wangu kwamba idara ilininyima ruhusa. Idara haikuninyima. Sikuomba. Unaweza kulifungua faili langu, barua hiyo haimo. Asteroidi ilikuwa inaonekana vizuri kwa wiki mbili, na ikishapita ningengoja miezi kumi na sita mpaka ionekane vizuri tena. Nikawaza kwamba mama ameshafariki, hatapungukiwa kitu nisipofika. Sikuwaza kuhusu aliyebaki hai. Naandika haya kwenye barua ya ofisi ili yagongwe mhuri na nisiweze kuyakana.

Kuhusu matokeo ya tarehe 7 Agosti: vipimo viwili, cha Kigali na cha Bukoba, vinakubaliana. Asteroidi ina upana wa kilometa hamsini na saba hivi, na uso mweusi kama mkaa, unaorudisha chini ya sehemu moja ya ishirini ya mwanga wa jua. Kipimo cha Kigali kilisomeka saa moja mbele kwa sababu ambayo haiihusu idara. Sekunde zake hazina dosari, na ni bora kuliko zangu. Niliona ile saa nikakasirika kabla sijafika kwenye sekunde. Nilimtuhumu mwangalizi huyo kwa maandishi, na jina lake nimeliweka la kwanza kwenye ripoti, lakini najua hilo halitoshi.

Kuhusu kazi: tarehe 29 Agosti kivuli cha asteroidi hiyo hiyo kitapita karibu na Songea. Nimeisubiri nafasi hiyo tangu mwaka juzi. Darubini ya idara, ramani na hesabu zote nimemkabidhi Mwalimu Goodluck, na akipenda kuendelea nalo jiwe hilo moja kwa moja, sina pingamizi.

Fomu inauliza pia tarehe ya kurudi kazini. Nimeiacha wazi, kwa kuwa si mimi wa kuijaza.

Anwani nitakapokuwa: kwanza makaburini Rusororo, kisha Niboye, nyumbani kwa marehemu. Nisipofunguliwa geti, nitafutwe hapo hapo nje.

Naomba kuwasilisha.

Oswald Kamugisha
(sahihi)

Nakala:
Winifred Mukunde, Niboye, Kigali.
Shemeji Karangwa, gereji, Gikondo. Kwa taarifa yako, shemeji: Rusumo hakuna aliyenizuia. Dada yako alinifichia aibu yangu. Usiwatukane tena wale askari, nitukane mimi, nakuja.